Bubu wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Niligeuka bubu nikiwa na miaka sabini na moja, siku ya Jumapili baada ya misa ya pili, mbele ya watu wasiopungua mia mbili. Aliyenigeuza ni Mwalimu Calvin, ingawa hakukusudia. Alisimama katika ukumbi wa parokia pale Msanzi, kitabu mkononi, akawa anasoma Kiingereza kimoyomoyo kisha anatutafsiria kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, mpaka akafika ukurasa wa mia na kumi na mbili. Hapo pameandikwa kwamba Rozina, binti jasiri wa Ufipa, alikuwa na dada yake mkubwa ambaye alikuwa bubu, mwanamke wa kulima na kutabasamu tu.

Dada mkubwa wa Rozina ni mimi. Hana mwingine.

Watu waligeuka kunitazama. Wengine walicheka, maana kijiji kizima kinaujua mdomo wangu, na mwenyekiti wetu akiniona kwa mbali huwa anakumbuka shughuli upande mwingine. Nami nikacheka, nisionekane nimeumia. Kisha nikamtazama Rozina. Alikuwa amekaa kiti cha mbele karibu na paroko, kitenge kipya, mikono imelazwa magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu, na mimi nikadhani ni maringo.

Niseme ukweli mapema, maana umri wa kuficha mambo umenipita: nilimwonea wivu. Sikuwa na ule wivu mdogo wa kitenge. Nilikuwa na donge lililokaa kifuani tangu kitabu kilipofika, likanifuata shambani, likanifuata kitandani, likanifanya nihesabu watu waliomsalimia yeye kabla yangu. Pale mjini Sumbawanga anakoishi walianza kumwita Bibi Kitabu. Shule zikamwalika. Siku ya Wanawake akapewa kipaza sauti, na mimi nikapewa soda.

Mwandishi wa kile kitabu alikuwa mpigania uhuru wa Zimbabwe, enzi hizo nchi yao ikiitwa Rhodesia. Alipata mafunzo huku kwetu, na alipokuwa akirudi mpakani malaria ikamshusha kwenye lori. Baba yetu, mzee Leonsi, akampokea. Tulimwita Komredi, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Baadaye akawa mkubwa serikalini kwao, na uzeeni akaandika habari za vita vyake, kitabu kinene ambacho ukikilalia kinatosha kuwa mto. Humo majemadari wana majina, mito ina majina, hata mbwa mmoja wa kambini ana jina. Watu wa kawaida tumeandikwa kwa mafungu: wanakijiji, akina mama, mkulima mmoja. Wanakijiji walitoa chakula kwa moyo mkunjufu. Akina mama waliimba. Mimi sikumbuki kuimba. Nakumbuka ulezi ukipungua ghalani na mama akifunga mlango wa ghala kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Katika watu wote wa upande wetu waliopita katika maisha ya yule mtu, ni Rozina peke yake aliyepewa jina.

Sasa nitaeleza ilivyokuwa.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka sabini na mbili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na Rozina kumi na saba. Kwetu, mvua zikielekea mwisho, tunakwatua majani ya porini na kuyafukia chini ya udongo katika matuta ya duara, ntumba tunayaita. Majani yanaoza humo ndani, juu tunapanda maharage, na mwaka unaofuata tunayatawanya na kupanda ulezi. Ukisimama juu ya kilima unaona matuta mamia kwa mamia, yamejipanga mpaka bondeni. Kazi hiyo inavunja mgongo, na mwaka ule nilikuwa naifanya mimi.

Rozina alikuwa ndani na Komredi. Yeye alimaliza darasa la saba kwa masista, Kiswahili kilikuwa kinamtoka kama maji. Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tatu, nikamsaidie mama. Kiswahili nilikielewa vizuri, ila kila kilipofika ulimini kiligeuka Kifipa. Kwa hiyo uji ulipelekwa na yeye, maji ya kuoga yalipelekwa na yeye, na habari za vita alizisikia yeye. Mimi nilizipata usiku, zikiwa zimepoa.

Siku ya tatu, watu wawili wenye Land Rover walisimama dukani wakiulizia mgeni. Komredi akampa Rozina mkoba wenye karatasi zake. Rozina akaja mbio shambani, pumzi zimemwishia.

“Dada, ficha huu.”

Hakuniambia wapi. Nilifumua tuta nililokuwa nimelimaliza asubuhi, nikauviringisha mkoba kwenye nailoni ya mbolea, nikauweka katikati ya majani, nikarudishia udongo na kupanda maharage juu. Rozina alikuwa ameshaondoka. Wale watu wakaja mpaka pale nilipo, wakauliza kwa Kiswahili, nami nikawajibu kwa Kifipa. Niliwaeleza habari za mvua, za panya, za shangazi yangu wa Wampembe aliyeolewa na mvuvi akasahau kwao. Kila walipofungua mdomo mimi nilikuwa nimeshaanza jambo jingine. Walitazamana, wakarudi kwenye gari. Baadaye tuliambiwa walikuwa wapelelezi, na baadaye tena tukaambiwa walikuwa mabwana mifugo waliopotea njia. Kitabu kimechagua wapelelezi.

Kitabu kinasema pia kwamba mkoba ulizikwa makaburini. Komredi aliyaona matuta yetu mara moja tu, akiwa na homa, akadhani ni makaburi, na akaandika kurasa mbili nzima za watu wapole wanaoishi katikati ya wafu wao. Anasema wapelelezi walikimbia kwa kuyaogopa makaburi na kumwogopa mwanamke bubu aliyekuwa akiyatunza. Mwalimu Calvin aliposoma hapo, wazee walikohoa kwa zamu.

Asubuhi ya siku ya nne lori lilikuja kumchukua. Alitembea mpaka ukingoni mwa shamba akiegemea fimbo, Rozina pembeni yake. Niliufukua mkoba. Sikuthubutu kumpelekea mwenyewe, msichana hajiendei tu kwa mwanamume mgeni, tena nina matope mpaka viwikoni. Rozina akaja, akaupokea, akampelekea. Zilikuwa hatua kumi. Kwa hatua hizo kumi Rozina aliingia kwenye historia. Yeye na Komredi wakasimama wakisemezana kidogo, mimi nikiwatazama kutoka kwenye matuta. Komredi akanitazama, akainua mkono. Nikatabasamu. Hilo la kutabasamu hakukosea.

Mwezi mmoja baada ya ile Jumapili, Mwalimu Calvin alipita kwangu akaniamkia na kuniambia kwamba barua imekuja kwa Rozina. Kitabu kinawekwa katika Kiswahili huko Dar es Salaam, na mzee mwandishi anaomba Rozina asahihishe yaliyokosewa katika kurasa zetu, na atume picha.

“Na mimi je?” nikamuuliza.

“Bibi, barua ina jina lake yeye.”

Kesho yake nikapanda gari la asubuhi kwenda mjini. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikumbuka shule yake na jembe langu, viatu vyake vya kipaimara ambavyo mimi sikuwahi kuvaa mfano wake, na namna baba alivyokuwa akimwita asome gazeti mbele ya wageni. Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi jembe nililishika mapema mno, hata hatujagombana.

Rozina alinikaribisha mtaa wa Katandala, kwenye nyumba yake yenye dari.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba.”

Akasogeza jiko la mkaa karibu na miguu yangu, akanimiminia chai ya tangawizi. Barua ilikuwa mezani, na karibu yake karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu. Sikungoja chai ipoe.

“Umeshawajibu?”

“Bado.”

“Waambie mimi si bubu. Waambie mkoba niliuficha mimi. Na yale si makaburi. Mtu amepigana vita miaka yote hiyo, hajui tuta la maharage.”

Nilidhani atacheka. Alikuwa anazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho sukari yake ilishayeyuka.

“Makaburi nitarekebisha,” alisema.

“Na bubu?”

Akaendelea kuzungusha kijiko. Hapo donge likapanda, nikayamwaga yote niliyoyapanga njiani, na mengine ambayo sikuyapanga. Nilimwambia amelila jina peke yake. Nilimwambia kitabu kingekuwa na haki kingeanza na mgongo wangu. Nilimwambia ameketi ukumbini, amesikia nikiitwa bubu mbele ya parokia nzima, na hakuinua hata shingo, kwa sababu bila ububu wangu ujasiri wake ungekuwa wa hatua kumi tu.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, kwa Kifipa, lugha ambayo hatukuwa tumeitumia nyumbani kwake miaka mingi:

“Komredi hakukosea, dada. Aliandika alichoambiwa. Aliyemwambia ni mimi.”

Sikumwelewa. Akaweka kijiko chini.

“Siku ile ya mwisho, pale shambani. Siku nne nimempelekea uji. Nimemfuta jasho, nimemsikiliza akilia kwa homa na kumwita mama yake. Mimi ananiita mdogo wangu, mdogo wangu. Wewe amekuona mara moja, umejaa matope, akaniuliza kama umeposwa. Nikamwambia wewe ni bubu tangu kuzaliwa.”

“Akasema nini?”

“Alikutazama tena. Halafu akainua mkono.”

Nje pikipiki ilipita, upepo ukavumisha bati. Nilitakiwa kukasirika, na hasira ilikuja, lakini haikuwa ya kwanza kufika. Kwanza nilifurahi. Naona haya kulisema, mwanamke mzee, mjane wa Ignasi, mtu mwema aliyenitunza miaka arobaini na ambaye sijawahi kumtamani mwingine zaidi yake. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Kumbe miaka hamsini nimemwonea kijicho mtu ambaye alianza kunionea mimi.

Kisha ndiyo ikaja hasira. Pengine ningekataa. Hakika ningekataa. Baba asingekubali mtu wa bunduki na mimi mwenyewe nilikuwa namwogopa. Lakini kukataa kulikuwa kwangu. Mtu aliuliza swali linalonihusu mimi, na mwingine akalijibu.

“Chukua kalamu,” nikamwambia.

Rozina ana mwandiko mzuri, wa masista, herufi zote zimelala upande mmoja. Aliandika akisoma kwa sauti. *Dada yangu anaitwa Hellena. Hajawahi kuwa bubu. Ndiye aliyeuficha mkoba, katika tuta la maharage, na ndiye aliyewazungusha watu wa Land Rover kwa maneno mpaka wakaondoka. Mahali pale hapakuwa na kaburi hata moja. Kuhusu ububu, nilikudanganya mimi.*

Hapo akasimama. Jina langu lilikuwa pale, katika mstari wa kwanza, wino haujakauka. Nililitazama kwa muda. Nilitegemea litanipa zaidi.

“Niandike na sababu?” aliuliza. “Ukitaka nitaiandika. Ni haki yako.”

Nilijua ni haki yangu. Nilikuwa nimetoka Msanzi kuja kudai niandikwe, na sasa kalamu ilikuwa inanisubiri mimi. Nikawaza ukumbi wa parokia, Mwalimu Calvin akisoma jambo hilo kwa sauti yake ya darasani na watu wakigeuza shingo. Nikawaza wanafunzi wakiulizwa kwenye mtihani. Nikamwaza Komredi mwenyewe, mzee sasa, akisoma na mke wake amesimama nyuma ya kiti. Kila mmoja wao angelishika lile swali, akaligeuza, akalirudisha likiwa na alama za vidole.

“Usiandike,” nikasema.

Rozina alinishika mkono, akaubana kwa mikono yake yote miwili, machozi yakimlengalenga. Alidhani nimemsitiri. Nilimwacha adhani hivyo. Kile kitabu kina kurasa mia nne, na anayetaka atakisoma. Swali lile moja sikutaka kumgawia mtu yeyote, na yeye, aliyekaa nalo miaka hamsini, nilisikitika kwamba tayari analijua.