Pamba ya Kona ya Kabambare

“Basi kata wewe!”

“Hapana. Kazi yangu ni barabara. Pamba si yangu.”

“Na hiyo pamba iko wapi, kama si mu barabara?” Ernestine alimuuliza Sumaili.

Alisimama katikati ya makapita wawili, wasimamizi wa kazi, mikono kiunoni, pale barabara ya Kabambare inapokutana na ile ya Nyangwe. Sumaili, kapita wa barabara, alikuwa na watu kumi na vigingi vilivyopigwa tangu Jumatatu: kona ipanuliwe hatua kumi na tano, madereva waonane mapema. Lakini ndani ya hatua hizo, juu ya tuta, ilisimama pamba ya Ernestine na mumewe, nayo ilificha njia yote. Ramazani, kapita wa pamba, hakutaka mche hata mmoja ukatwe kabla ya mavuno.

“Niko na barua ya mukubwa wangu,” alisema Sumaili.

“Mimi pia iko na barua,” alijibu Ramazani.

“Barua mbili, kona moja!” Ernestine alifoka. “Jana kamyo ya mugodi ilikosa mutoto wangu Mado kwa kiganja, anatoka masomo. Munangoja nimulete hapa mu sanda?”

“Mama Mado, miezi miwili tu. Pamba ifunguke,” alisema Ramazani.

“Na makamyo yatalala miezi miwili?” Zamani malori hayo ya mgodi yalipita mawili kwa juma. Sasa yalifika ishirini kwa siku. “Nani alipima shamba hili, Ramazani? Ulisema ikae kando ya njia, muzungu wa pamba aione bila kushuka mu gari!”

Watu wa Sumaili waliangua kicheko. Ramazani alikunja uso.

“Anayekata atafungwa siku saba. Na shamba iko mu jina la bwana yako Théophile.”

Mume wa Ernestine alikuwa mjini Kasongo, akijenga, hana habari. Ernestine alitazama jua. Saa sita watoto wangetoka masomo.

“Andika jina langu,” alisema. “Andika bwana yangu hakukuwa hapa. Nitajifikisha mwenyewe gerezani kesho.”

Alimpokonya mtu wa karibu panga, akapanda tuta, akaanza kukata kuanzia kigingi cha kwanza. Ramazani alikuwa bado anapapasa mifuko akitafuta kalamu, mstari wa tatu wa pamba ukalala chini.

Sumaili aliutazama.

“Iliyoanguka si pamba tena,” aliwaambia watu wake. “Ni takataka ya barabara. Majembe!”

Wakalivamia tuta.