Mpaka wa Shekhe Thani

Masouda na mumewe Marhoon walifika Maskati mwaka 1965, baada ya kupoteza nyumba yao Unguja katika mapinduzi. Marhoon alikuwa hajaiona Omani kabla ya hapo, ila babu yake alikuwa wa kabila lenye ardhi nyuma ya kijiji cha Sidab, bonde la mawe matupu lenye makaburi ya watu wa kale. Thani, shekhe wa kabila, akawaonesha mahali, wakajenga kibanda cha makuti ya mtende. Binti yao Rahila alipofariki kwa homa, wakamzika papo hapo, nyuma ya kibanda.

Mwaka 1970, utawala mpya ulipoingia, wakaja watu wa serikali. Walisema makaburi ya kale yanataka kuhifadhiwa. Ardhi ya kabila itabaki kwa kabila. Inayosalia ni ya serikali, haikaliwi wala haichimbwi. Wakamtaka shekhe aoneshe mpaka wake.

Thani aliwaonesha. Kibanda cha Marhoon kikawa nje ya mpaka, pamoja na kaburi la Rahila.

Marhoon alimwendea, Masouda nyuma yake.

"Shekhe, si wewe uliyetupa pale?"

"Nilikupeni pa kukaa," Thani akajibu taratibu, uso kauinamisha. "Ningedai bonde zima, wangenikatalia lote. Ilibidi niache mahali, nikaacha pasipokuwa na wa kulalamika."

"Na mimi?"

"Wewe umekuja juzi, Marhoon."

Masouda aliona bega la mumewe likishuka. Unguja nako waliambiwa ni watu wa kuja.

Wakahamia chumba kimoja Matrah, ng'ambo ya mlima. Marhoon akawa hali chakula vizuri, hasemi. Baridi ilipoanza, kifua kikamlaza.

"Nna haja moja tu," alimwambia mkewe. "Nizike kwa Rahila."

Alipokata roho, Masouda alimtuma jirani akaombe ruhusa ya kumzika kule. Mlinzi wa serikali bondeni akakataa. Akaja Thani mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Bibi, nitampa kaburi upande wetu. Ni karibu na mtoto, hatua chache tu."

"Ulimtoa akiwa hai, shekhe," Masouda akasema. "Usimrudishe maiti."

Thani akaondoka.

Wanaume wakamzika Marhoon kwenye makaburi ya Matrah. Masouda akabaki chumbani na kanzu za marehemu, hajui azigawe au aziweke. Mumewe yuko huku, mwanawe yuko kule, na katikati yao mlima.