Baki la Mwisho

Dada yangu Beryl hana siri. Aliingia wodini nilikolazwa akipiga kelele: "Ivor, nimeipata! Ni namba tasa!"

"Funga domo!" nikamwambia. Sisi wawinda namba tuna mwiko mmoja: huitangazi mpaka kompyuta nyingine, kwa programu nyingine, ihakikishe. Yeye ndiye aliyenifundisha mwiko huo, halafu anakuja kuuvunja mbele ya manesi wote wa hospitali ya Toowoomba!

Lakini moyo uliniruka, sikufichi. Tumeitafuta pamoja tangu tustaafu. Unazidisha mbili kwa mbili mara mamilioni, unatoa moja, unapata namba ambayo maisha hayatoshi kuisoma. Kuipima, unaanza na nne. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili, unagawanya kwa namba yako, unashika baki, unarudia hivyo hivyo mara mamilioni. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Likiwa jingine, inagawanyika, ingawa kipimo hakikwambii kwa namba gani. Inaudhi!

Jumatano, kesho yake nikiwa wa kupasuliwa moyo, Beryl alikuja na keki. Akanikatia kipande, akanifuta makombo kidevuni. Beryl huyu huyu, ambaye tangu utotoni hajanipa hata maji bila masimango! Nikajua kuna jambo.

"Wenzetu walioihakiki wamepata baki ngapi?"

"Kula kwanza."

"Beryl!"

"Si sifuri." Alikuwa anatazama dirisha. "Mashine yangu ilikosea. Niliilazimisha iende kasi kupita uwezo wake, na joto hili la Januari, ikachemka."

Nikawaka. Hata anayeanza leo anajua mashine ikichemka inakokotoa upuuzi. "Haraka ya nini, mwanamke wewe?"

"Nilitaka uione kabla ya Alhamisi." Machozi yakamtoka. "Naogopa, Ivor."

Nilimshika mkono, jambo tusilolizoea kabisa, na hasira ikaniisha. Nilikuwa naogopa na mimi.

"Nenda nyumbani," nikamwambia baadaye. "Anzisha namba nyingine. Kwa mwendo wake wa kawaida."

"Itachukua wiki sita, we mzee."

"Najua. Na ole wako ukisoma jibu bila mimi."