Mwanamume wa Kusaini

Kasereka alileta mashine ya kushona saa mbili asubuhi, nyuma ya pick-up, imefunikwa kwa magunia matupu ya mchele. Wapakizi wake wawili waliishusha wakaiweka karibu na dirisha, pale pale ilipokaa siku kumi na mbili tu, mwezi wa sita, kabla hajaja kuichukua. Ngalula alikuwa mlangoni, anashona kwa mkono pindo la sketi ya shule. Hakusimama.

"Mama Séphora, bonjour. Leo bageni ba projet banakuya. Utaikala hapa, utashona sawa vile unashonaka siku yote."

"Siku gani hiyo, shemeki?"

Kasereka alicheka, akaketi. Alikuwa kaka wa marehemu Vital, mume wa Ngalula, aliyekufa lori lake lilipopinduka kwenye barabara ya Kasomeno. Ana duka la jumla mjini, ni shemasi kanisani, na kila akiingia nyumba hii ya mtaa wa Kasungami hutazama mabati kwanza, ndipo watu. Karatasi za kiwanja ziko kwake. "Nilikuachia nyumba," humwambia Ngalula, kama mtu aliyempisha mwenzake kiti.

Ngalula alichukua kitambaa, akajifanya anapangusa vumbi. Aliinama mpaka kwenye kibati cha namba chini ya mashine. Yake ilikuwa 0341. Siku ya kugawiwa, wenzake wakipiga vigelegele, yeye alikuwa amepiga magoti anasoma namba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ngalula alikuwa ameumwa vya kutosha.

Hapa iliandikwa 0317.

Alipangusa tena, polepole. Alijua ilikotoka. Mradi ulikuja na maneno matamu: mama atajifunza ushonaji miezi sita, apewe mashine, apate riziki nyumbani kwake bila kuwaacha watoto. Ila fomu ilitaka répondant, mwanamume wa kumdhamini. "Na miye mujane?" alimuuliza Christiane, mwalimu wao. "Bwana alikufa, lakini ndugu yake eko," Christiane alijibu, bila kuinua macho. Wajane wasio na shemeji walipewa shemasi. Shemasi ndiye Kasereka.

Basi akasaini. Halafu akaja na hoja yake: Kasungami wezi ni wengi, na mashine ikiibiwa atakayeulizwa ni yule aliyesaini. Tangu hapo mashine tano za wajane watano zilisimama nyuma ya mifuko ya mchele, dukani kwake. Aliyetaka kushona alikwenda huko mjini kwa miguu, na alichoshona kilikuwa sare za Kasereka. Ngalula alikwenda mara moja, akaona, akarudi kwenye sindano yake ya mkono. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ijayo. Wazazi waliomletea vitambaa walikuwa wanakuja mmoja mmoja kuvichukua bila kushonwa.

Alitaka kitu kimoja tu, mashine yake irudi dirishani ibaki hapo.

Wageni walifika saa nne. Walikuwa Christiane na bwana mmoja wa ofisi ya Kinshasa aitwaye Paulin, mwembamba, ana tablet mkononi, Kiswahili hakijui. Kasereka aliwatolea viti kama mwenye nyumba.

"Anafanya kazi hapa kila siku?" Paulin aliuliza kwa Kifaransa.

"Kila siku, monsieur," Kasereka alisema.

"Na mama mwenyewe anasemaje?"

"Mama ana haya," Kasereka alisema tena, akicheka.

Ngalula hakuwa na haya hata chembe. Alikuwa anapima. Akimtaja shemeji waziwazi, kufika jioni atakuwa nje na watoto wake. Lakini namba haina shemeji. Namba haitishwi na mtu. Acha iseme yenyewe.

"Monsieur, angalia kwanza namba," alisema, kwa Kifaransa alichofundishwa na baba yake, mwalimu aliyetoka Kasai.

Mguu wa Kasereka, uliokuwa unachezacheza, ulisimama. Namba hakuwahi kuziwaza. Kwake mashine nyeusi ni mashine nyeusi, kama mfuko ni mfuko.

Paulin aliinama, akasoma, akaandika kwenye tablet, akangoja mtandao. Kisha akakunja uso.

"Hii si yako. Yako ni 0341."

"Ndiyo!" Ngalula alisogea mbele. "Yangu iko..."

"Subiri. 0317 ni ya Dorcelle Mwenze. Hapa wameandika, mwezi wa saba: mashine haikukutwa nyumbani, mhusika ameiuza, ameondolewa kwenye mradi."

Ngalula alilijua jina hilo. Yeye na Dorcelle, mjane mwenzake aliyedhaminiwa na Kasereka, walikaa benchi moja miezi sita ya mafunzo. Kasungami nzima ilisema ameitoa mashine dukani kwa siri, akaiuza kwa wachuuzi wa Sakania, mpakani. Ngalula naye alisema, na kanisani alihama kiti ili wasionekane pamoja. Yeye asiyeamini hata kilo ya sokoni, hilo aliliamini bila kuuliza.

"Kwa hiyo alikuuzia wewe," Paulin alisema. "Na yako umeipeleka wapi?"

Kifaransa kilimtoka chote. "Iko kwa shemeki! Mu magasin yake, nyuma ya mifuko ya muchele! Na ya Dorcelle ilikuwa kule kule, yeye njo alileta hii leo asubui! Muende muone!"

Paulin alimgeukia Christiane. Christiane alitafsiri neno kwa neno, sauti chini, macho sakafuni. Paulin alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Akiwa na malalamiko, ayaandike," alisema. "Kuna fomu. Répondant wake ataisaini, itatufikia ofisini."

"Répondant njo huyu!"

"Njo utaratibu, Mama Séphora," Christiane alimwambia.

Kasereka alishusha pumzi kama mtu mwenye huzuni. "Monsieur, tafadhali, msimpeleke polisi. Ni mke wa ndugu yangu, na njaa ni mbaya. Niachieni mashine niitunze mimi. Hata hiyo nyingine nitaitafuta."

Uso wa Paulin ulifunguka. Mashine iliyopotea imepatikana, kwa msaada wa répondant. Aliandika hivyo hivyo, akampa Kasereka mkono.

Wapakizi walipokuwa wanaitoa nje, mmoja wao alikwisha kusema kwenye uzio kwamba mashine ya Dorcelle imekutwa kwa Ngalula, na Kasungami haihitaji kuambiwa mara mbili. Dorcelle alifika mbio, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Siku hizi anafua nguo za watu. Aliigusa mashine pale kwenye pick-up, akasoma kibati, akageuka.

"Njo weye, Ngalula? Njo weye ulikuwa na mashine yangu, na pa kanisa unanikimbia?"

Ngalula alikuwa na mengi ya kumwambia, na la kwanza lilikuwa msamaha. Lakini Kasereka alikwisha kuingia katikati yao.

"Ba mama, ba mama. Batoto ba Mungu habagombane. Musameheane. Tulombe."

Alishika mkono wa huyu na mkono wa yule, akaviunganisha viganja vyao, akafunika kwa chake. Paulin aliinua tablet.

"Hivyo hivyo, tafadhali. Msisogee."

Kasereka alifumba macho, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mkono wa Dorcelle ulikuwa wa baridi, unateleza kwa sabuni, unajivuta kutoka. Ngalula aliung'ang'ania, asije akaenda kabla hajamwambia.