Likizo ya Uchovu wa Nsabimana

Alhamisi saa saba mchana, wabebaji kumi na wawili wa kampuni moja ya kahawa walilala chali juu ya mawe meusi, karibu na bandari ya Goma, wakijifunza kulegea. Ilikuwa mwaka 1956. Mzungu aliyewafundisha, ambaye wote walimwita Monita, alipita katikati yao na saa mkononi. Kaza vidole, hesabu tano, legeza. Kaza mapaja, legeza. Walikuwa wakiandaliwa kwa mbio za kupanda hadi Munigi na gunia la kilo sitini mgongoni. Mshindi angepata likizo ya siku nane.

Nsabimana alizitaka siku hizo kuliko chakula. Mkewe Pascasie, aliyebaki nyumbani Rumangabo, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa, na kwao baba ndiye humpa mtoto jina siku ya nane. Jina alikwisha kulichagua. Hakumwambia mtu.

Kwa hiyo alilegea kwa bidii. Alipofika shingoni, uchovu wake ulimtoka kwenye nyayo, ukaketi pembeni, ukajifuta jasho. Ulikuwa na sura yake na kaptula yake, ila mabega yaliinama zaidi.

"Papa, maji iko?" uliuliza.

Mwenzake Habarurema aliupa kibuyu. Monita alihesabu watu upya, akaandika kumi na watatu.

Jumamosi ya mbio Nsabimana alifika Munigi wa kwanza, hata hahemi. Uchovu ulifika jioni, ukichechemea. Siku hiyohiyo Pascasie alijifungua mtoto wa kiume.

Jumatatu Nsabimana alikwenda ofisini kuchukua karatasi yake ya likizo, ile waliyoiita konje. Karani Wenceslas, mtu wa haki sana katika mambo yasiyomgusa, alimtazama juu mpaka chini.

"Weye unachoka?"

"Hapana. Lakini ni miye nilishinda."

"Konje ni ya mutu mwenye kuchoka. Mwenye kuchoka ni ule pale."

Uchovu ulikuwa umesinzia kwenye benchi. Wenceslas aliuamsha taratibu, akaukabidhi karatasi yenye muhuri. Nsabimana akarudishwa bandarini, na kwa kuwa hachoki, akaongezewa gunia la pili. Ilimuuma moyoni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Pascasie aliupokea uchovu bila maswali. Tangu waoane, ndio uliokuwa ukimfikia kila Jumapili. Siku ya nane, Jumamosi, watoto wa jirani walikula maharage wakataja majina waliyombunia mtoto, kama ilivyo desturi. Kisha uchovu ukampakata mtoto.

"Anaitwa Sibomana," ulisema.

Nsabimana alishuka kwenye lori kesho yake, mkavu, hana hata tone la jasho. Aliambiwa jina kabla hajaketi.

"Ni jina muzuri," alisema. Ndilo alilolichagua.

Alimchukua mtoto. Mtoto alilia, akalia, mpaka akarudishwa kwenye mabega yale yaliyoinama. Hapo akanyamaza. Nsabimana akauchotea uchovu maji, akaunywesha, akaenda barabarani kungoja lori la kurudi. Alhamisi Monita alilaza wengine kumi na wawili.