Mwanya wa Bosibori

Meno ya Bosibori yalitumbukia ndani ya ndoo ya kutemea chai, mbele ya wanunuzi kutoka Mombasa, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Alikuwa amesimama kwenye meza ndefu ya kuonjea, katika kiwanda cha chai kilicho juu ya soko la Ikonge, kiwanda alichoingia akiwa msichana wa kuosha vikombe. Alichota chai kwa kijiko, akaifyonza kwa ule mlio mkubwa wa waonjaji, mlio ambao mtoto akiutoa mezani nyumbani atafukuzwa akalie nje. Kisha akainama kutema. Pamoja na chai ikatoka sahani ya plastiki ya rangi ya ufizi, yenye meno mawili ya mbele. Ikagonga ukingo wa ndoo, ikazama.

Mnunuzi mmoja akakohoa. Meneja Ogoti akageukia dirisha na kuanza kutazama mashamba kama mtu anayetaka kuyanunua.

"Mama Brandon," alimwambia baadaye, wakiwa wawili tu, "hayo meno si neno. Ya mtu yeyote yangeweza kuanguka. Lakini juzi ulipitisha chai iliyoungua. Mimi ambaye si mwonjaji niliinusa kutoka mlangoni."

Bosibori alijua ni kweli. Tangu ng'ombe wake alipokataa dawa ya minyoo na kumpiga kichwa cha mdomo, alikuwa akivaa ile sahani iliyofunika kaakaa lote. Na chai haionjwi kwa ulimi peke yake. Ukakasi wake unashika ufizi, unapanda juu mdomoni, na harufu inapitia nyuma ya koo hadi puani. Kaakaa lake sasa lilikuwa limefunikwa kama sufuria. Alikuwa akionja plastiki iliyolowa chai. Akiivua sahani, chai ilimwagikia kidevuni.

"Wanunuzi watarudi mwezi wa tano," Ogoti akasema. "Watapanga vikombe bila majina. Ukivitambua, meza hii ni yako hadi ustaafu. Ukishindwa, kuna nafasi kule kwenye mizani ya majani. Sitaki uaibike, mama yangu."

Mizani. Wakulima wa upande ule wote walimwita Mdomo wa Kiwanda, na sasa Mdomo upelekwe kuandika uzito wa magunia.

Mumewe, Josiah, alikuwa mwalimu mstaafu, mtu asiyepitwa na habari yoyote yenye neno kompyuta ndani yake. Jioni hiyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Kisii mjini kuna kliniki wanapanda meno," alisema.

"Wanapanda?"

"Kama unavyopanda miche. Mzizi wa chuma unaingia kwenye mfupa, jino linakaa juu yake. Hakuna sahani. Kaakaa linabaki wazi. Na kompyuta ndiyo inayopima mahali pa kutoboa."

Bosibori aliweka sufuria chini. Kati ya maneno yote hayo, alikuwa amesikia matatu tu: kaakaa linabaki wazi.

"Kesho ni siku ya kazi," alisema, "lakini nitaomba ruhusa."

Kliniki ilikuwa orofani, katika jengo lenye duka la vitambaa chini. Dakta Persis alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, anayeongea huku tayari amevaa glavu. Fundi wake wa meno alikuwa kijana aitwaye Calvince, mwenyeji wa upande wa Homa Bay, ambaye aliwasalimia kwa Ekegusii cha kujifunza.

"Bwakire buya, mama."

"Buya. Nani amekufundisha?"

"Mama mboga wangu. Nikikosea ananinyima dania."

Bosibori akacheka mkono ukiwa mdomoni, kama alivyozoea tangu ajali.

Mara ya kwanza alipotengenezewa meno, walimjaza mdomo na kitu kama ugali mbichi hadi akadhani pumzi inakatika. Safari hii Dakta Persis alishika kifaa kisichozidi mswaki mnene, chenye mwanga kwenye ncha, akakipitisha juu ya meno yake polepole. Kwenye skrini ukutani, mdomo ukaanza kujichora wenyewe, jino baada ya jino, hadi ukatimia wote na pengo lake katikati.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe kabisa," Calvince alisema, akaushika ule mdomo kwa kipanya na kuupindua juu chini.

"Usinizungushe hivyo, kijana, nitashikwa na kizunguzungu."

Kisha wakampeleka kwenye eksirei inayozunguka kichwa, na mfupa wake nao ukaja kwenye skrini, mweupe, ukakaa sawasawa chini ya picha ya ufizi. Josiah alikuwa amesogea hadi pua yake inakaribia kioo.

"Tazama hapa," Dakta Persis alisema. "Mfupa wa mbele ni mwembamba, kile kichwa cha ng'ombe hakikuuacha salama. Nikitoboa kwa kukisia naweza kutokea upande wa pili. Kwa hiyo tunatoboa kwanza ndani ya kompyuta. Tukikosea, tunafuta."

Calvince akaviingiza vijiti viwili vya rangi ya kijivu ndani ya ule mfupa wa kwenye skrini, akavilaza kidogo, akavirudisha nyuma, hadi vikakaa penye mfupa wa kutosha pande zote.

"Halafu mkono wa Dakta utajuaje kufuata hiyo picha?" Josiah akauliza.

"Swali zuri, mwalimu. Printa itatoa kibao cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno yake, chenye matundu mawili. Keekee inapita kwenye tundu. Haiwezi kwenda kushoto wala kulia, na kina chake kimewekewa kikomo."

Josiah aliuliza na jingine, na jingine tena, hadi Dakta akamvutia kiti akae.

Ndipo likaja suala la meno yenyewe. Josiah alikuwa ametoa mkobani picha ya arusi yao. Calvince aliiskani, akawaonyesha nyuso mbili kwenye skrini. Ya kushoto ilikuwa Bosibori kama alivyokuwa zamani, mwanya kati ya meno ya mbele, mpana wa kutosha kupitisha njiti ya kiberiti. Ya kulia ilikuwa Bosibori yule yule, meno yameshikana, yamenyooka kama ya mtangazaji wa televisheni.

Bosibori aliitazama ile ya kulia kwa muda mrefu. Kwa miezi mingi alikuwa akicheka nyuma ya kiganja.

"Nipe hii."

"Mama Brandon," Josiah alisema taratibu, "mwanya ule ndio ulionileta Ikonge."

"Umeshakuleta. Kazi yake imekwisha."

Dakta akacheka, Calvince akacheka, na Josiah akairudisha picha mkobani.

Waliitwa tena baada ya siku chache. Kabla ya kugusa mfupa, Dakta Persis alitaka Bosibori ayajaribu meno kwa umbo lake: kipande chepesi kilichotoka kwenye printa, kinachong'ata meno ya pembeni bila kugusa kaakaa. Kilikaa kwa mlio mdogo, tak. Bosibori akajitazama kwenye kioo cha mkononi, akageuka kushoto, akageuka kulia. Alikuwa mzuri. Hata yeye aliona.

"Dakta, naweza kuonja?"

Alikuwa amekuja na chupa ya chai, kijiko chake cha kazi na vikombe viwili vyeupe vilivyofungwa kwenye taulo. Dakta Persis alitazama saa, akatazama ile chupa, akasema, "Onja."

Bosibori akachota, akafyonza.

Ukakasi ukampiga juu ya mdomo kama mtu anayebisha mlango. Alikuwa amekaa miezi bila kuusikia. Macho yakamlengalenga, akamshika Josiah mkono, naye Josiah akadhani ameumia.

"Ipo," alisema. "Chai ipo, Baba Brandon."

Akachota tena. Safari hii alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Mlio haukuwa wenyewe. Ulikuwa mzito, kama mtu anayekunywa uji. Chai haikurushwa nyuma ya koo kwa matone madogo kama mvua ya rasharasha. Iliingia kwa donge moja na kuangukia ncha ya ulimi. Utamu aliupata. Harufu haikufika puani. Akachota kijiko cha tatu, cha nne. Kote ni donge.

"Inavuja mahali?" Dakta aliuliza.

"Haivuji, na hilo ndilo tatizo." Bosibori aliweka kijiko chini polepole. "Nilikuwa navuta kupitia mwanya. Miaka yote hii. Sikujua, maana sikuwahi kuonja bila huo. Nimeufunga mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Vikombe viwili vilitoa mvuke. Mwezi wa tano haukuwa mbali, na kichwani mwake Bosibori aliiona mizani ikining'inia.

Ni Calvince aliyeinuka kwanza.

"Nyanya yangu aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, ndiyo ilikuwa desturi ya kwetu," alisema akivuta kiti kwenye kompyuta. "Kila daktari anayemwona anataka kumjazia. Yeye anawaambia, mkiliziba pengo itabidi nijifunze upya kuita mbuzi, sitaki. Mama, hapa bado hakuna kilichotobolewa. Tunafungua tu. Mwalimu, ile picha iko wapi?"

Josiah alikuwa ameishika tayari.

Calvince akalibana jino la kushoto kidogo, la kulia kidogo, na mwanya ukafunguka kwenye skrini. Printa ikaanza kuunguruma. Dakta Persis akatoka kuhudumia wengine, akarudi wakati kipande kipya kimeoshwa na kukauka.

Tak. Kijiko. Bosibori akafyonza kwa nguvu zake zote, na alipotema chai ikapenya mwanyani kama maji ya bomba lililopasuka, ikatua kwenye koti jeupe la Dakta.

"Umefungua mno," alisema Bosibori. "Dakta, nisamehe."

"Koti litafuliwa. Calvince, punguza."

"Picha ya arusi ilikuwa imevimba kidogo, mama. Mpiga picha wenu alikosea."

"Mpiga picha alikuwa shemeji yangu," Josiah akasema. "Lakini ni kweli, alikosea."

Kipande cha tatu kikatoka. Tak. Bosibori akafumba macho. Akafyonza, na mlio ukapasua chumba, mkali, mwembamba, kama kitambaa kipya kinachochanwa. Rasharasha ikapanda. Harufu ikapita nyuma na kuja puani, na ndani yake akaliona shamba: majani ya upande wa baridi, yaliyochumwa asubuhi, yaliyokaa kidogo zaidi kwenye troli ya kuchachusha kabla ya kukaushwa.

Mlango ukafunguka. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri foleni alichungulia.

"Mnamfanya nini huyo? Kama ndivyo, mimi narudi kwetu Marani."

"Anakunywa chai," Dakta alisema.

"Hivyo?"

"Hivyo," Bosibori akamjibu, na akacheka mbele ya mgeni bila kuinua mkono.

Kupandikiza kwenyewe kulipita upesi kuliko hadithi yake. Kibao kilivaliwa, matundu yakamwelekeza Dakta, skrubu mbili za titani zikaingia mahali zilipochorwa. Bosibori alisikia mtetemo na harufu ya dawa, lakini maumivu hakuyasikia. Jioni alirudi nyumbani na meno ya muda, mwanya katikati. Alikatazwa mahindi ya kuchoma, alikatazwa nyama ngumu, na alikatazwa kufyonza hadi ufizi ufunge. Hilo la mwisho ndilo lililomtesa. Josiah alimkuta mara nyingi jikoni ameshika kijiko kitupu hewani, midomo imekaa tayari, kama mcheza ngoma anayekumbuka hatua.

Ruhusa ya kufyonza ilikuja kabla ya mwezi wa tano, na wanunuzi wakaja baadaye kidogo.

Vikombe vilipangwa mezani kutoka ukuta hadi ukuta, kila kimoja kimeficha kibandiko chake chini. Ndoo ya kutemea ilikuwa ile ile. Yule mnunuzi aliyekohoa alisimama mbali naye kuliko ilivyohitajika, na Bosibori akaona hivyo.

Akaanza. Mlio wake ulipasua chumba cha kuonjea, na wasichana wa kuosha vikombe wakaacha kuosha. Kijiko, mlio, kutema, hatua. Hiki ni cha mtambo wa kwanza. Hiki kimekaushwa kwa moto mkali. Hiki ni kizuri, kiuzwe peke yake. Hiki kimelala gunia lenye unyevu. Ogoti alikuwa akimfuata nyuma, akinukuu, mgongo wake ukizidi kunyooka kila kikombe.

Karibu na mwisho wa meza Bosibori alisimama. Akarudi nyuma, akaonja tena kikombe alichokwisha kukipita. Akaenda mbele, akaonja. Ogoti alishika pumzi.

"Hiki na kile," alisema, "ni chai moja. Mmeipanga mara mbili."

Yule mnunuzi akatazama mwenzake. Kisha akainua vikombe vyote viwili na kusoma vibandiko chini yake.

"Tulitaka kujua kama kuna mtu angesema," alisema. "Huko kwingine hakuna aliyesema."

Ogoti akafunga daftari. "Mama Brandon," alisema, "kule kwenye mizani nitatafuta mtu mwingine."

Bosibori alitoka na kijiko na kikombe hadi kwenye ngazi za nje, juu ya mashamba ya kijani, akapiga simu kliniki.

"Calvince, yale meno ya kudumu, mfupa ukishashika, utatengeneza kutoka picha gani?"

"Mama, nimehifadhi ile ya tatu. Haifutiki."

"Usiniambie. Sikiliza mwenyewe." Akasogeza simu karibu na mdomo, akachota chai, akafyonza.

Upande wa pili kiti kikaburuzwa.

"Hiyo," Calvince akasema. "Hiyo ndiyo. Rudia, Dakta anakuja asikie."