Watoto wa Simeoni Hawali

Siku ya kumi tangu mkewe aondoke, Simeoni aliwamwagia kuku ugali wa mchana, akasimama uani akiwatazama wanavyougombania. Kuku walikuwa wananenepa. Watoto ndio hawakuwa wanakula.

Jesca, mkewe, alikuwa ameitwa kwao Mkalama. Mama yake aliteleza akiwa amejitwisha ndoo ya maji, akavunjika nyonga, na Jesca ndiye binti pekee aliyekuwa na nafasi ya kwenda kumuuguza. Aliondoka na basi la asubuhi, akamwachia mumewe watoto wawili: Hosea wa miaka sita, na Kristina aliyekuwa anaelekea minne. Ilikuwa katikati ya palizi. Alizeti zilikuwa zimefika magotini, na magugu nayo yamefika magotini. Hata hivyo Simeoni hakuwa na wasiwasi. Ugali alijua kuusonga tangu ujana wake, alipokuwa kibarua kule Mitundu, vijana wanne katika chumba kimoja wakipika kwa zamu. Kulisha watoto wawili, alijiambia, ni kazi gani?

Alianza na ugali wa uwele na mlenda, chakula alichokulia yeye na waliomzaa. Hosea alichovya tonge, akalinyanyua juu, akautazama ule utelezi unavyovutika mpaka kwenye bakuli, akalirudisha. Alisema unafanana na kamasi. Kristina alifumba mdomo, akageuza uso ukutani, na hapo ndipo alipobaki mpaka chakula kikapoa.

Basi akapika maharage. Hosea aliyataka maharage lakini si mchuzi wake. Kristina aliutaka mchuzi, mradi asione ndani yake harage hata moja. Simeoni akakaa na kijiko akichambua maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine, viganja vyake vikiwa bado vinawaka kwa jembe. Kesho yake akakaanga mayai, yakaliwa yote. Alifurahi mno, akakaanga tena siku iliyofuata, na safari hiyo Kristina akasema yananuka kuku. Viazi vitamu vilimkwama Hosea kooni, au ndivyo alivyodai. Uji wa karanga mmoja aliunywa, mwingine akasema una mchanga. Wali ulikubalika, lakini wali si wa kila siku katika nyumba ya mkulima wa uwele, na ulipoungua kidogo tu nao ukakataliwa.

Kilichomchosha hakikuwa kupika peke yake. Ilikuwa ni kupika kitu ambacho tayari unajua kitasukumwa pembeni. Alitoka shambani saa sita, mgongo umekakamaa, akapuliza kuni zilizolowa mvua mpaka machozi yakamtoka, akasonga, akapakua, akaita. Kisha akasimama na mwiko mkononi akisubiri kuona ni nani atakataa nini. Baada ya hapo aliosha vyombo, akarudi shambani, na huko akilima alikuwa anawaza chakula cha jioni. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuchoka kwa kuwaza mboga.

Jioni moja alipanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali simu inaposhika, akampigia mkewe. Waliongea habari za mgonjwa, na za mvua, na za mbuzi aliyezaa. Kisha akauliza lile lililomtoa nyumbani.

"Mama Hosea, hawa watoto huwa wanakula nini?"

"Huwa hawali," Jesca alisema.

"Mbona mimi nilikuwa nawaona wanakula?"

"Ulikuwa unawaona wapi, baba Hosea? Wewe chakula nilikuwa nakuletea barazani na wageni wako. Ukimaliza unanawa, unaondoka."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuelekeza mahali alipoiacha ndoo. Kisha mama yake akamwita kutoka ndani, wakaagana.

Simeoni alibaki juu ya kile kichuguu. Alikumbuka mara ngapi amewahi kusema mboga imezidi chumvi. Alikumbuka pia kwamba hajawahi kumwona Jesca amekaa mbele ya sahani yake mwenyewe. Humwona amesimama jikoni, akimalizia mabaki ya watoto kwa vidole, huku anafukuza kuku kwa mguu. Miaka saba alidhani mkewe ni mtu asiyependa kula sana.

Kujua hilo hakukumsaidia kupika. Siku mbili baadaye Kristina alikataa chakula cha asubuhi, akakataa na cha mchana. Mashavu yake yalikuwa yameanza kupungua, na Simeoni alipombeba alihisi mbavu zake. Hofu ilimpanda, na hofu yake ikatoka kama hasira. Alimkalisha mtoto mapajani, akambana mashavu kwa mkono mmoja, akamsokomeza tonge la ugali na mlenda kwa mkono mwingine. Kristina alimeza. Akamsokomeza la pili. La tatu lilirudi pamoja na yale mawili, likamwagika lote kwenye shati la baba yake.

Mtoto hakulia hata. Alimtazama tu. Hosea alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, akamwambia mdogo wake taratibu, kwa Kinyaturu, kwamba aje. Simeoni akatoka nje, akavua shati, akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa uani. Hakuwa na nguvu ya kulifua. Alikaa hapo mpaka jua likahama, akijiuliza ni mtu gani huyu anayemkaba mtoto ili amshibishe.

Kesho yake alipalilia nusu ya sehemu aliyokusudia, akaacha. Alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Watoto hawakuwepo. Aliita, hakuna aliyeitika. Ndipo akasikia kicheko cha Hosea upande wa pili wa ua wa minyaa, kwa jirani yao Rukaiya, mama Zuhura, mjane mwenye watoto wanne. Huyo ndiye aliyekuwa anamtupia jicho Kristina wakati wa shamba, mpaka Hosea atoke shule.

Simeoni alichungulia penye uwazi. Mkeka ulikuwa umetandikwa kivulini. Watoto sita walikuwa wamezunguka sahani moja kubwa ya ugali na bakuli moja la mboga, na Rukaiya mwenyewe alikuwa amekaa nao, miguu ameinyoosha, anakula. Ugali ulikuwa wa uwele. Mboga ilikuwa mlenda. Hosea alikuwa anachovya haraka haraka, maana binti mkubwa wa Rukaiya alikuwa anamega matonge makubwa na bakuli lilikuwa linapungua. Na Kristina, mtoto aliyekuwa amegeuzia ukuta uso wake siku kumi na mbili, alikuwa amepakaa mlenda mpaka kwenye nyusi.

Kwanza alifurahi, kisha furaha ile ikamchoma. Mlenda ule ule. Na yeye alikuwa ameuchuma wake huko huko mashambani. Alitamani arudi shambani kimya kimya, lakini Rukaiya alikuwa ameshamwona, akamkaribisha. Simeoni akazunguka, akaingia, akabaki amesimama.

Alimuuliza mwanamke yule anaweka nini kwenye mboga yake. Rukaiya akamjibu kwamba anaweka magadi na karanga kidogo, kama watu wote. Alimuuliza basi kama hawa wake huja kula hapa kila siku. Akajibiwa kwamba siku nyingine huja, siku nyingine hawaji, na yeye hawahesabu.

"Kwangu hawali," Simeoni alisema. Ilimtoka kwa sauti ya chini, naye akaona aibu.

Rukaiya alilamba kidole chake kabla ya kujibu. "Wangu huyu wa tatu maharage hayagusi mpaka leo, nimechoka naye. Lakini baba Hosea, huwa nakuona kwako umewasimamia na mwiko; hata mimi nisingemeza. Hapa hatumwangalii mtu. Tunaweka, tunakula. Asiyetaka atakula jioni." Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka. "Kaa ule. Na wewe umekonda."

Simeoni alinawa, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jesca aondoke alikula chakula cha moto. Alikuwa na njaa kuliko alivyojua. Kristina alimtazama mara moja, akaona baba yake anashughulika na tonge lake, akarudi kwenye lake.

Wakati anaondoka alimwambia Rukaiya kwamba haiwezekani alishe watoto sita peke yake kila siku, naye ana shamba kama yeye. Wakakubaliana wapike kwa zamu, siku moja huku, siku moja kule.

Zamu yake ya kwanza Simeoni alitandika mkeka uani. Alikuwa amechuchumaa anapekecha mlenda wakati Calist, rafiki yake wa barazani, alipopita na baiskeli, akasimama, akauliza kama siku hizi katika nyumba ile mume ndiye aliyeolewa. Kabla jua halijazama habari zilikuwa zimeshafika kwenye vibanda vya barabarani. Simeoni aliudhika, ila alikuwa amechoka mno kuudhika kwa muda mrefu. Ugali ulikuwa na mabuja, madonge ya unga mbichi. Watoto wa Rukaiya waliyatoa bila kusema, wakaendelea. Yeye akakaa, akala, akaangalia bakuli na si midomo. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Kristina alipomega tonge la nne alitaka kumsifu, akajiuma ulimi.

Haikuwa kila siku hivyo. Kuna siku Hosea aliondoka mkekani na tumbo tupu, Simeoni akamwacha, na jioni moyo ukamwuma mpaka alipomwona anafuta sahani kwa kidole. Kuna siku mvua iliwanyima kuni, wakala mahindi ya kuchoma kwenye makaa machache ya Rukaiya, basi. Maharage bado yalichambuliwa. Lakini kuku walianza kulala na njaa.

Jesca alirudi wiki ya saba. Mama yake alikuwa ameanza kutembea na fimbo. Alishuka kwenye basi mchana, vumbi mpaka kwenye kope, macho yameingia ndani, akakuta watoto sita uani kwake, mumewe anasonga. Watoto walimrukia, kisha wakarudi mkekani kwa sababu ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Simeoni akamletea maji ya kunawa, akamsogezea bakuli dogo la kwake peke yake.

Jesca alikula polepole, macho yake yakitoka kwa Kristina kwenda kwa Hosea. Aliufungua mdomo kumwambia mtoto amalizie, na Simeoni akamgusa mkono kidogo. Akaufunga.

"Nilikuwa sijui," Simeoni alimwambia, watoto walipotawanyika.

"Sasa unajua," Jesca alijibu. Hakukuwa na ushindi katika sauti yake, ila uchovu, na huenda nafuu kidogo.

Alitaka kuinuka akusanye vyombo. Akasema anapumzika kwanza dakika moja tu, akajilaza pale pale mkekani, ubavu, mkono ukiwa chini ya shavu, na kabla Simeoni hajamaliza kumwambia kuwa kesho ni zamu ya mama Zuhura, alikuwa ameshalala. Mumewe akamfunika kanga miguuni kwa ajili ya nzi. Kisha akainama, mgongo ukalia, akakusanya sahani na mwiko, akaenda navyo penye maji.